Mnamcheka Staa Kupeleka Familia Kwenye Meli ya Zamani? Sisi wa Kisesa Hatucheki

Wadau, wikiendi iliyopita mitandao ilichafuka. Kuna mchekeshaji mmoja, jina kapuni, ana wafuasi kibao na asili yake ni huku huku Kanda ya Ziwa. Jamaa kamchukua mke wake, watoto watatu na wazazi wake wote wawili, wakapanda meli Mwanza kwenda Bukoba kula bata la likizo. Hakukodi boti ya kifahari Dubai wala Zanzibar yenye muziki na mabaunsa. Alikata tiketi ya meli ya kawaida ya abiria, ya zamani, ile inayobeba wanafunzi, wafanyabiashara na mikungu ya ndizi.

Akaposti picha. Babu kakaa kwenye benchi juu ya meli, koti limefungwa vifungo vyote. Bibi kashika kikombe cha chai. Watoto wamevaa maboya ya rangi ya chungwa, yanawapwaya, wanacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Komenti zikaanza kumiminika.

"Ameishiwa huyu, tuchange."

"Hii si ndiyo meli aliyopanda bibi yangu akienda kuolewa?"

"Staa mzima likizo kwenye chuma chakavu!"

Na iliyopata laiki nyingi kuliko zote: "Maboya ya nini, mnaogopa kufa? Washamba nyie."

Kiukweli hizo za mwanzo na mimi nilicheka. Ile ya bibi kuolewa ni utani mzuri tu, siwezi kudanganya. Ila hiyo ya maboya ilinikaa kooni. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Jumatatu asubuhi picha zote zilikuwa zimefutwa. Kaka kaweka picha ya kitambo, yupo mwenyewe kwenye boti nyeupe, miwani myeusi, hana mtoto wala mzazi pembeni. Komenti zikabadilika: moto, moto, moto.

Sasa naomba niseme langu.

Barabara ya Igoma

Mimi ni mtu wa Kisesa. Kwa msiojua, ni nje kidogo ya jiji la Mwanza, njia ya kwenda Musoma, kiserikali tupo wilaya ya Magu. Wengine mnatujua kwa makumbusho ya Wasukuma pale Bujora na zile ngoma za Bulabo, Bagika na Bagalu wanavyoshindana mpaka nyoka wanatolewa uwanjani.

Ukitaka kwenda mjini kutoka kwetu unapanda daladala, unapita Igoma, Nyakato, Mabatini, unaibukia mjini. Na hapo Igoma ndipo yalipo makaburi ya watu waliokufa kwenye MV Bukoba. Kwa hiyo mtoto wa Kisesa akienda mjini kununua hata soksi, anapita Igoma. Akirudi na soksi zake, anapita tena.

Najua wasomaji wengi wa hapa mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nawapa kwa kifupi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, Mei 21, 1996. Meli inatoka Bukoba, imepitia Kemondo, imebakiza kipande kuingia Mwanza, ikalala ubavu na kuzama. Meli iliyotakiwa kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Soma tena hizo namba mbili, kisha rudi kwenye ile komenti ya maboya.

Bimkubwa wangu ni mzaliwa wa Bukoba, aliolewa huku Kisesa. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwemo kwenye meli ile. Mama ni mtu wa maneno kwelikweli, anaweza kubishana na konda kuhusu chenji ya shilingi mia kuanzia stendi ya Kisesa. Lakini daladala ikifika Igoma ananyamaza. Anaendelea na ugomvi wake Nyakato. Mimi nimekua nikidhani kila mama anafanya hivyo.

Miaka 29 hakukanyaga meli. Akitaka kwenda kwao alipanda basi, hata kipindi kile basi lilikuwa linasubiri kivuko Kigongo kwa masaa. Na tangu lile daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ndiyo kabisa hakuona sababu ya kufikiria maji.

Bibi bandarini

Desemba iliyopita binti yangu wa miaka saba ndiye aliyeharibu mipango. Alisema, "Bibi, mimi nataka kwenda kwenu na meli." Nikajua hapo atapewa kofi la mgongo. Mama akakaa kimya, halafu akasema, "Nitaangalia."

Wiki moja kabla ya safari akaenda bandarini mwenyewe. Mimi nilimsindikiza. Hakuuliza nauli. Hakuuliza kama kuna chumba cha vitanda. Alimuuliza kijana wa tiketi meli inaruhusiwa kubeba watu wangapi, na maboya yapo mangapi.

Kijana akamwambia, "Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, kila anayepanda anaandikwa jina."

"Marahaba mwanangu. Siulizi kuandikwa, nauliza kuhesabiwa."

Kijana hakukasirika. Alisimama, akamwita mkubwa wake, na yule mkubwa akaja kumuelezea taratibu. Mama akasikiliza yote, akatikisa kichwa, akafungua pochi.

Meli tuliyopanda nayo jina kapuni, kama staa wetu. Niwaambie tu ni ya zamani, siyo kubwa. Haina bwawa la kuogelea. Haina ukumbi wa disko. Ina benchi, ina vyumba vidogo vya vitanda, ina kantini yenye chai ya maziwa, chapati na ugali kwa samaki. Ukiegemea ukuta unasikia injini inanguruma mgongoni.

Kitu cha kwanza mama alichofanya ni kutafuta maboya yalipowekwa. Akayachukua manne, moja moja akatuvalisha. La kwake akashindwa kulifunga. Vijana wawili jirani wakaanza kucheka chinichini, mmoja akatoa simu kurekodi. Mimi mwenyewe, naomba radhi kwa Mungu, niliona aibu. Nilitaka kumwambia mama avue.

Mzee mmoja aliyekuwa kakaa mbele yetu akainuka. Akasema, "Dada yangu, kamba hii inapita huku." Akamfunga. Halafu akachukua la kwake, akavaa. Mke wake akavaa. Dakika tano baadaye benchi zima lilikuwa linajaribu maboya, na yule kijana wa simu anauliza, "Mzee, na mimi nifungie basi." Baadaye tukayavua tukayarudisha, ila kila mtu pale alikuwa ameshajua yapo wapi na yanafungwaje. Staa wetu alifanya kitu hicho hicho kwa watoto wake, tofauti ni kwamba yeye anatazamwa na watu wengi kuliko mama yangu.

Mtandao ulipokata

Meli ikatoka usiku. Taa za Mwanza zile za kwenye milima zinapungua moja moja, binti yangu anazihesabu mpaka anakosea. Baadaye mtandao ukakata. Sina cha kuposti, dogo hana katuni, mke wangu hana tamthilia. Tulikaa tu, watu wa familia moja, tunaangaliana kama wageni.

Ndipo mama akaanza kuongea kuhusu mjomba. Sijawahi kumsikia. Kwamba alikuwa mfupi na anajiona mrefu. Kwamba alikuwa anaimba kanisani vibaya na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi miaka yote nilijua alikuwa anakuja Mwanza kibiashara. Nikauliza, "Alikuwa analeta nini?"

Mama akasema, "Alikuwa analeta ndizi na kanga mbili. Ulikuwa na wiki tatu. Alikuwa anakuja kukupakata."

Sina maneno ya kuweka hapo, tuendelee.

Alfajiri tukafika Kemondo. Gatini kuna malundo ya mikungu ya ndizi inasubiri kwenda Mwanza. Hiyo ndiyo bandari ya mwisho MV Bukoba ilipotia nanga. Mama akasimama kwenye reli, akaangalia muda mrefu, akamwonyesha mjukuu wake. Hakulia. Alirudi akaagiza chai.

Mimi nimewahi kwenda Dubai mara moja kikazi. Nimepanda na hiyo boti nyeupe mnayoipenda, nikapiga picha, nikapata laiki. Siwezi kukumbuka tuliongea nini mle ndani.

Tunacheka kitu kisicho chenyewe

Turudi kwenye hoja ya uchakavu, maana najua kuna mtu ataandika, "Sasa kama meli ya zamani ni hatari, si ndiyo sababu ya kumcheka?"

MV Bukoba ilizama haijafikisha hata miaka 20. Kivuko cha MV Nyerere kilijengwa mwaka 2004, kikapinduka pale Ukara Septemba 20, 2018. Kilitakiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Hivyo vyote vilikuwa vyombo vya umri wa kijana.

Sasa angalia vikongwe. MV Victoria vipande vyake vilitengenezwa Uskochi, vikaletwa Kisumu kuunganishwa, ikaanza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika inapata uhuru. Ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi ziwani mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Kule Ziwa Tanganyika ipo Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha makusudi mwaka 1916 isichukuliwe na adui, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Kuna Wazungu wamepanda ndege mpaka Kigoma ili tu wakalale usiku mmoja ndani yake. Wao wanalipia uzee, sisi tunauonea aibu.

Sisemi chombo kikizeeka kiachwe hivyo hivyo. Meli kongwe inataka matengenezo na ukaguzi, na wanaohusika wabanwe bila huruma. Ninachosema ni kwamba mwaka wa kutengenezwa hauwezi kukuambia kama utafika. Swali la kukuambia hilo ni lile la mama: wangapi wanaruhusiwa, wangapi wamepanda, maboya yako wapi. Hata MV Mwanza, ile meli mpya kubwa ya abiria 1,200 iliyoshushwa majini Februari 2023, ambayo najua wote mtajazana kupiga nayo selfi, swali lake ni hilo hilo.

Na hapa ndipo utani wa "washamba" unapogeuka hatari. Ziwa hili kila siku lina watu wanaovuka kwenda Ukerewe, Kome, Ukara na visiwa vingine, wengine kwa mitumbwi tu. Kuna binti ameona ile komenti yenye laiki elfu na kitu. Wiki ijayo anaambiwa avae boya, anaangalia kushoto na kulia, anaona wenzake wana simu mkononi. Atavaa? Mimi mtu mzima, mama yangu kafiwa na kaka yake ziwani, na bado niliona aibu kwa sababu ya kijana mmoja kushika simu. Sembuse yeye.

Staa mmoja mwenye wafuasi wengi akiposti watoto wake wamevaa maboya na wanacheka, amefanya kazi kuliko mabango mangapi pale bandarini? Kwa mara ya kwanza boya lilionekana kitu cha kawaida, cha familia, hata cha kuchekesha. Na sisi tukamlazimisha afute.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwa mlioandika komenti: mcheke koti la babu mkitaka, mcheke na kikombe cha bibi, hayo ni maisha. Ila boya liacheni. Na siku mkija Mwanza kula sato, pandeni daladala ya Kisesa, shukeni Igoma, kaeni dakika kumi pale. Nauli nitawarudishia.

Na kwako kaka, najua huwa unapita humu. Wazazi wako wote wawili wazima, watoto watatu, usiku mzima ziwani bila mtandao. Kuna watu tungetoa pesa nyingi kupata picha moja tu ya hivyo na mjomba ambaye hatukuwahi kumjua. Wewe umeipata, na umeifuta kwa sababu ya watu wasiokujua hata jina la ukoo.

Irudishe ile picha kaka. Babu na koti lake, watoto na maboya yao. Mama yangu ameniambia nikwambie kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuipa laiki, nikishamfundisha namna ya kubonyeza.

Wadau mnaonaje? Nani amewahi kupanda meli na familia, na nani alikuuliza maboya yako wapi? Tiririka hapo chini.