Vigari vya Singa: Tuvikamate ao Tuvisome?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu juu ya neno moja ambalo linanisumbua tangu mwezi uliopita. Siandiki kama kapita anayetoa amri. Amri nimetoa nyingi mwaka huu, na moja kati yazo ilikuwa mbaya.

Kila mtu anajua ile karto iliyo katika biro ya nidhamu, chini ya dirisha. Ndani yake kuna vigari tisa vya singa. Vitano ni mimi niliyevikamata. Wageni wakiviona wanacheka, wanasema ni michezo ya batoto. Lakini siye tuliokomaa hapa Mpofi tunajua kwamba hivi vya sasa si vile tulivyosukuma kwa mti mrefu tulipokuwa wadogo, vyenye bodi ya mukebe wa sardini na magurudumu ya vifuniko vya chupa. Hivi vina moteri. Wadogo wetu wanatoa moteri ndani ya radio kaseti mbovu ao DVD iliyokufa, wanaifunga nyuma ya kigari, kiisha wanavuta singa mbili ndefu mpaka kwenye kipande cha mwanzi wanachoshika mkononi. Ukigusanisha singa, kigari kinakwenda. Wao wanaiita telekomandi.

Sasa nisimulie kosa langu. Siku moja, saa ya etidi ya mangaribi, nilisikia sauti kama ya nyuki chini ya banki katika kalasi ya mwaka wa pili. Niliinama, nikakuta kigari. Mwenyewe akaniambia, «Kapita, naomba usikivunje, bado niko nakipima.» Nilikichukua bila kumjibu. Na juma lile lile, mabuye ya megafone ya korali yalikuwa yamepotea. Basi mimi nikajumlisha moja na moja. Nilisema mbele ya watu kwamba mwizi amepatikana. Yule mdogo alipewa azabu ya kulima siku tatu na mzazi wake akaitwa.

Kiisha azabu kwisha, ndipo nilikigeuza kile kigari kwa mara ya kwanza. Hakikuwa na buye hata moja. Kilikuwa na betri ya telefone, ile bapa ya Nokia, BL-5C, imefungwa kwa kipande cha chambera. Megafone inatumia mabuye makubwa ya mviringo. Hata mtu asiyesoma angeona kwamba hayawezi kuingia pale. Mimi nina pointi 15 juu ya 20 katika fizike, na sikuangalia. Nilikuwa na ushuhuda mkononi mwangu, nikautupa ndani ya karto.

Mabuye ya korali sijui yalikwenda wapi, na sitaki tena kubahatisha. Ninachojua ni kwamba yule mdogo sasa anaitwa «Megafone» katika shule nzima, na ameacha kuuliza maswali kalasini. Ndiyo maana naandika.

Wengine watasema: kapita, umekosa juu ya mtoto mmoja, lakini katazo ni zuri. Vigari vinakula saa ya masomo. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikichungulia vile vigari tisa kila nikiingia biro, na naona mambo ambayo sikuyaelewa vizuri mpaka mwaka wa tano, na watu wa mwaka wa pili wameyagundua kwa mikono.

Angalieni habari ya nguvu. Moteri ya kaseti inazunguka mbio sana lakini haina nguvu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, kigari kinatetemeka tu pahali pamoja. Katika kimoja cha vile tisa, kipande chembamba cha chambera kinatoka kwenye ncha ya moteri kuenda kwenye duara la mti lenye upana karibu mara nane. Maana yake gurudumu linazunguka mara nane pungufu, na nguvu inaongezeka karibu mara nane, ukitoa ile inayopotea kwa msuguano. Hiyo ndiyo sababu pikipiki inapanda mlima wetu wa matope katika vitesi ya kwanza na si ya nne. Tuliandika jambo hilo katika kaye zetu bila kuligusa.

Ao tuseme juu ya kona. Kigari kikipiga kona, gurudumu la inje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yamekazwa kwenye chuma kimoja, moja linateleza na kigari kinakataa kugeuka. Motokari kubwa zina diferansieli juu ya shida hiyo. Wadogo wetu hawana, basi wanakaza gurudumu moja tu, lingine wanaliacha huru lizunguke lenyewe. Nani aliwafundisha? Walipima, kikaanguka, wakapima tena. Wengine wamehamisha betri nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, ili yashike udongo. Wengine wamepanua miguu ya kigari ili kisipinduke. (Yule «Megafone» alifanya yote mawili, na magurudumu yake ni ya kamambili ya zamani, yanashika kuliko ya plastiki.)

Huko Goma nimeona vigari vya duka vinavyoendeshwa bila singa, kwa mawimbi ya radio. Vingi vya bei ya chini vinatumia mawimbi ya megahezi 27, na ukiwasha viwili vya namna moja pamoja, telekomandi moja inaamuru vyote viwili, batoto wanagombana. Vipya vya gigahezi 2.4 vinajuana kila kimoja na telekomandi yake. Si uchawi na si jambo la jana: Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo ya kuendeshwa kwa radio kule New York mwaka wa 1898. Kampuni Tamiya ya Japani iliuza motokari yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka wa 1976. Nani alisema kwamba singa ya mita tatu ni mwisho wa akili ya mtoto wa Mpofi?

Tena tusisahau vitu hivi vinatoka wapi. Bati inayounganisha singa ndani ya kila radio inatokana na kasiteriti, na kasiteriti iko hapa hapa Walikale. Kule Bisie kampuni ilianza kuitoa kwa mashine kubwa mwaka wa 2019. Koltani ya Rubaya, katika Masisi yetu, inatoa tantale ya vile vipande vidogo ndani ya telefone. Kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri. Sisi tunabeba mawe kwa mgongo, kiisha tunanunua kigari kilichofungwa katika plastiki, kikiharibika tunakitupa juu hatujui kukifungua. Nikimwona mtoto wa hapa anafungua, nami ndiye ninayemnyang'anya, kazi yangu ya ukapita inasaidia nani?

Wakubwa wetu hawakufanya hivyo na chukudu. Ilikuwa mti mtupu, magurudumu ya mti. Wakapigilia mpira wa tairi ya zamani juu ya gurudumu, wakaweka rulema katikati lizunguke vizuri, na chukudu ikabeba viazi na makala mpaka mjini. Tangu 2009 Goma ina sanamu yake katika rompwe. Hakuna aliyeikamata ndani ya karto.

Lakini nisiseme kwamba kila kitu ni kizuri. Kuna mambo mawili yanayoniogopesha. La kwanza, betri ya telefone si mchezo: ncha zake zikigusana kwa chuma inawaka moto, na ikivimba haifai tena kuichaji kwa pano ya jua. Mabuye yaliyokwisha pia tunayatupa mtoni, pale tunapochota maji. La pili ni kubwa zaidi. Wadogo wanatafuta vyuma na singa za shaba popote, mashambani na katika matuta. Vita vimepita mara nyingi katika milima hii, vimeacha vyuma visivyo vya kuchezea. Chuma usichokijua, usikiguse, usikipige jiwe, usikibebe kwenda kumwonyesha mtu. Rudi kwa njia uliyokuja nayo, ita mtu mkubwa. Katazo letu la sasa halisemi neno hata moja juu ya hilo. Linakataza sauti ya moteri tu, na kwa hiyo wadogo wanatafuta vyuma vyao kwa siri, pasipo mtu wa kuwaonya. Hapo ndipo naona katazo lenyewe lina hatari.

Basi ombi langu kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wetu wa fizike ni hili: Siku ya Posho, kisha salongo, tupewe kalasi moja kwa saa mbili. Vifaa vitoke kwa mafundi wa radio wa sokoni, wana moteri mbovu tele. Pawepo sanduku la mabuye yaliyokwisha. Sisi wa mwaka wa sita tutasimamia kwa zamu, ingawa mtihani wa Serikali unakaribia. Mimi najitoa wa kwanza. Na kigari kitakacholia katika saa ya etidi kitakamatwa kama zamani, sitahurumia.

Ile karto iko bado chini ya dirisha. Kigari cha yule mdogo ni cha tatu toka juu, chenye magurudumu ya bluu. Nimemwomba Direkta wa nidhamu ruhusa nikirudishe mimi mwenyewe, mbele ya kalasi yake, kwenye banki ile ile nilipokikamata, na niseme wazi kwamba yeye hakuiba. Ameniambia ningojee Prefe arudi safarini. Ninangojea.

Kapita wa shule, mwaka wa sita