Boksi la Risasi na Pasipoti ya Hamad

Jumamosi iliyopita niliingia duka la bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nina miaka 19 hapa Ohio, na maduka hayo nimekuwa nikiyapita tu kwa gari. Safari hii sikuwa na ujanja. Kijana wangu wa miaka 16 amejiunga na timu ya vijana ya kulenga shabaha, na kocha alimpa orodha: vizuia kelele vya masikioni, miwani ya kinga, vitambaa na mafuta ya kusafishia bunduki, na boksi moja la risasi ndogo za .22. Bunduki zenyewe ni za timu. Baba yake alikuwa safarini, basi nikaenda naye mimi, pamoja na Hamad, mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 20, aliyekuja kutoka Tanga kusoma uhandisi.

Muuzaji alikuwa mzee mpole. Vizuia kelele, miwani na mafuta aliviweka kaunta bila kuuliza chochote. Alipofika kwenye boksi la risasi akamtazama mwanangu.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akalirudisha boksi nyuma yake. Hapo Hamad akasogea. "Shangazi, acha nilipe mimi, nimeshavuka kumi na nane." Hana leseni ya udereva bado, akatoa pasipoti. Mzee akaifungua, akaiona viza ya mwanafunzi, akaifunga na kumrudishia. "Samahani kijana. Kwako siwezi kuuza hata moja."

Wasomaji wangu, damu ilinichemka. Nikajisemea haya sasa, ni yaleyale ya rangi na majina yetu. Nikamwambia mzee wa watu maneno ambayo leo nayaonea haya. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu kwamba sheria si yake, na kama sisadiki nikasome.

Nimesoma. Mzee alikuwa sahihi, na nilirudi Jumatatu kumwomba radhi.

Kwanza suala la umri, kwa sababu ndilo mzazi atakalokutana nalo kwanza. Sheria ya shirikisho ya udhibiti wa bunduki ya mwaka 1968 inamzuia mfanyabiashara mwenye leseni kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bunduki ndefu na risasi zake. Bastola na risasi za bastola, ni miaka 21. Hizi .22 zina utata wake, maana zinaingia kwenye bunduki ndefu na kwenye bastola pia. Mwenye miaka 18 anaweza kuuziwa ikiwa muuzaji ameridhika kwamba ni za bunduki ndefu. Ndiyo maana kijana wako anaweza kuulizwa "za nini?" Si udaku. (Hiyo 21 ya bastola nayo inagombewa mahakamani: mwaka 2025 mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans ilisema inapingana na katiba, na ile ya Richmond, mwaka huohuo, ikasema haina tatizo.)

Vifaa vingine, kama vile miwani, vizuia kelele, mkoba wa bunduki, mafuta, au ala ya bastola ya kuvaa kiunoni, sheria ya shirikisho haiviwekei umri. Lakini duka lina uhuru wa kuweka masharti yake. Walmart, kwa mfano, mwaka 2018 walipandisha umri wa kununua bunduki na risasi kwao hadi miaka 21. Kwa hiyo ukikataliwa kitu ambacho sheria inaruhusu, huenda ni utaratibu wa duka tu. Usigombane kama nilivyogombana mimi. Kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki kisikudanganye: kinaonekana kama kipande cha bomba, lakini kisheria kinahesabiwa kuwa ni bunduki. Na majimbo yana ya kwao. Mkazi wa Illinois hatakiwi hata kuwa na risasi bila kadi maalumu ya jimbo.

Haya ya umri, Hamad alikuwa ameyavuka. Kilichomzuia ni viza. Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ikiwemo ya mwanafunzi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Si kununua tu. Kuwa nayo mkononi. Ipo njia ya kutoka: akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, katazo hilo linamwondokea. Lakini asiye nayo, hata kukodi bunduki kwenye kiwanja cha shabaha na kufyatua mara tatu ni kosa. Adhabu yake tangu mwaka 2022 inaweza kufika miaka 15 jela, na kosa la bunduki linaweza kumrudisha mtu kwao. Mwenye green card habanwi na kifungu hiki.

Kwa walio Uingereza niongeze neno moja, kwani dada yangu wa Leicester ameshaniuliza. Huko hata bunduki ya upepo na vile vidonge vyake vya risi, umri wa kununua ni miaka 18 tangu mwaka 2007. Binamu mkubwa asije akatumwa kununua kwa niaba ya mdogo.

Nirudi kwetu. Mzee aliniambia mimi, raia na mtu mzima, naweza kulinunua lile boksi. Sikulichukua. Nilimpigia kocha, akasema hakuna shida, risasi zitakuwa kiwanjani na atazigawa mwenyewe. Mwanangu akanuna kidogo, halafu akavaa vizuia kelele vyake njia nzima asisikie mawaidha yangu.

Hamad ndiye aliyekuwa kimya kupita kiasi. Tulipomshusha kijana mazoezini, akasema, "Shangazi, mwezi wa kumi nilikwenda na wenzangu wa bwenini. Tulikodi bastola. Kuna picha."

"Picha iko wapi?"

"Instagram."

Nilisimamisha gari pembeni. Alisema pale kiwanjani alitia saini karatasi, hakuisoma vizuri. Wenzake wote ni wazaliwa wa hapa, hakuna aliyejua. Naye alidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba ukishatimiza miaka basi.

Akataka kuifuta picha palepale. Nikamwambia aiache kwanza, asiifute wala asimwandikie mtu chochote, mpaka aongee na mwanasheria wa uhamiaji. Chuo chake kina ofisi ya msaada wa sheria kwa wanafunzi, bila malipo. Tumepata nafasi Alhamisi saa nne asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, nitampeleka mwenyewe. Kaka yangu bado sijampigia.