Judo na mwangwi: Silaha ya wasioona mbali na miji mikuu

Mafunzo ya judo na ya kunoa milango ya fahamu yamewapa watu wengi wasioona duniani uwezo wa kutembea bila hofu. Swali linaloikabili Oman, sawa na nchi za Afrika Mashariki, ni iwapo ujuzi huo utawafikia wanaoishi nje ya miji mikuu.

Izki, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah, ni mfano mzuri. Mji huo wa kale uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Muscat. Una vichochoro vyembamba, mashamba ya mitende na falaj ya Al-Malki, mfereji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006 pamoja na mingine minne. Kwa asiyeona, maji yanayotiririka katika mfereji wa wazi ni alama ya njia, na wakati huo huo ni hatari.

Mieleka ya kushikana

Miongoni mwa sanaa za kujihami, judo ndiyo iliyopata mafanikio makubwa kwa wasioona. Sababu iko katika mchezo wenyewe. Anayepiga ngumi au teke hulazimika kukisia umbali wa adui, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na macho. Katika judo wachezaji hushikana ukosi na mkono wa vazi, na kupitia kitambaa hicho kila mmoja huhisi uzito wa mwenzake unavyohama kabla hajatupwa.

Kanuni za wasioona zimebadilishwa kidogo tu: pambano huanza wachezaji wakiwa wameshikana, na wakiachana mwamuzi husimamisha mchezo. Wanaume waliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Seoul mwaka 1988, na wanawake mjini Athens mwaka 2004. Antônio Tenório wa Brazil alitwaa dhahabu katika michezo minne mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2008. Tangu mwaka 2022 wasioona kabisa wametengwa na wenye uoni hafifu, baada ya miaka mingi ya manung'uniko kwamba kuwachanganya hakukuwa haki.

Lakini faida kubwa haiko katika medali. Somo la kwanza la judo ni namna ya kuanguka: kidevu kifuani, mkono ukipiga sakafu ili nguvu ya pigo isambae. Kwa mtu anayeweza kukosa ngazi au kutumbukia mtaroni, hilo ni somo la kila siku.

Kusikia ukuta

Upande wa pili ni mafunzo ya kusikiliza mwangwi. Mmarekani Daniel Kish, aliyepoteza macho yote mawili akiwa mtoto mchanga kutokana na saratani, hupiga ulimi kwenye kaakaa na kusikiliza sauti inavyorudi. Kwa njia hiyo hutambua ukuta, mti au mlango ulio wazi. Amewafundisha wasioona wengine katika nchi mbalimbali.

Jambo hilo si muujiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa, kwa wataalamu wawili wasioona wa mbinu hiyo, mwangwi uliamsha sehemu ya ubongo ambayo kwa wenye macho hushughulikia kuona. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walieleza jinsi watu 12 wasioona na 14 wanaoona walivyojifunza mbinu hiyo kwa wiki 10, wakubwa kwa wadogo, na kupata maendeleo.

Mwangwi hauchukui nafasi ya fimbo nyeupe, bali huikamilisha. Fimbo hugundua shimo lililo chini, huku mwangwi ukiweza kuonya juu ya tawi lililo usawa wa uso.

Tahadhari

Hata hivyo, kuna hatari ya kutia chumvi. Filamu za Kijapani za Zatoichi, zilizoanza mwaka 1962, zilieneza taswira ya kipofu anayewashinda watu wengi kwa upanga. Taswira hiyo hudhuru kwa njia mbili: humpa mwanafunzi matumaini ya uongo, na huipa serikali kisingizio cha kuacha barabara bila njia salama za miguu. Anayevamiwa ana nafasi bora zaidi akijua kujinasua mkono, kupaza sauti na kukumbuka njia ya kutokea, kuliko akitafuta kupigana.

Oman ina historia ya kujivunia katika suala hili. Sheikh Nur al-Din al-Salimi, aliyepoteza uwezo wa kuona utotoni, alikuwa mwanazuoni aliyeongoza juhudi za kuurejesha Uimamu mwaka 1913. Karne moja baadaye, mwaka 2012, Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeutokomeza ugonjwa wa trakoma kama tatizo la afya ya umma.

Lakini kuzuia upofu ni jambo moja, na kumwezesha ambaye tayari haoni ni jambo jingine. Taasisi ya Omar bin Al Khattab ya wasioona iko mkoani Muscat. Kijana wa Izki anaweza kusoma huko, ila vichochoro atakavyovipita maisha yake yote viko kwao, na ujuzi wa kusikia njia hufundishwa vyema katika njia zenyewe.

Afrika Mashariki nayo haikosi msingi. Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alishinda dhahabu ya mita 5,000 mjini Sydney mwaka 2000, na Zanzibar judo imekuwa ikifundishwa tangu miaka ya 1990.

Gharama si kikwazo pekee. Judo huhitaji magodoro maalumu na walimu, na kwa kuwa ni mchezo wa kugusana, katika jamii za Kiislamu wasichana hawatafaidika bila walimu wanawake. Mwangwi, kwa upande wake, hauhitaji kifaa chochote zaidi ya ulimi, masikio na mwalimu mvumilivu.

Oman, Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unataja michezo pamoja na mafunzo ya kutembea. Kipimo cha ahadi hiyo kitakuwa idadi ya walimu watakaotumwa Izki, Pemba na kwingineko, mahali ambapo asiyeona bado husubiri kushikwa mkono ndipo atoke nje.