MGUU USIOSIKIA

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo twataka kusema juu ya watu ambao guu lao huvunjika bila ya kosa lao, kwa sababu guu lenyewe halisikii.

Hao ni ndugu zetu waliozaliwa na ila ya uti wa mgongo iitwayo mgongo wazi. Wengi wao walipasuliwa wakiwa wachanga, wakakua, wakasoma, na sasa wanafanya kazi pamoja nasi. Lakini baadhi yao wana kidonda ndugu chini ya wayo, kisichopona mwaka hata mwaka. Watu husema: huyu kalogwa, huyu mchafu, huyu mvivu. Maneno hayo hayana msingi, na yafaa yakomeshwe.

Ila hiyo hutokea katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, pale mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo usipofungika sawasawa. Mishipa ya fahamu iendayo miguuni huharibika. Mguu hudhoofika, pengine hupinda, na wayo huacha kusikia maumivu. Uzito hulemea mahali pamoja, sugu huota, na chini yake nyama huharibika. Mwenye mguu mzima angeumia, akapumzika, kwani maumivu ni mlinzi wa mwili. Huyu mlinzi wake hayupo. Hukikanyaga kidonda kutwa, mpaka usaha ufike mfupani, na mwisho hulazimika kukatwa mguu.

Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, aliyaona hayo kwa wagonjwa wa ukoma. Alionyesha kwamba vidonda vingi vya nyayo zao vilitokana na kukanyaga bila kusikia maumivu, wala si nyama kuoza yenyewe. Tiba kubwa ilikuwa kuupunguzia mguu uzito: kwanza kwa bandeji ngumu ya plasta, kisha kwa kiatu kinachofaa. Somo hilo lawahusu ndugu zetu hawa pia. Dawa ya kupaka haifui dafu ikiwa mgonjwa atarudi kusimama kazini kesho yake.

Kwa hiyo, wewe mwenye mguu huo, kagua nyayo zako kila jioni, hata kwa kioo. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa, wala usitembee peku. Uonapo wekundu au lengelenge, nenda zahanati siku hiyo hiyo, japo huumwi. Nanyi wasimamizi wa kazi, mpeni kazi ya kukaa, na ruhusa ya kutibiwa. Majuma machache ya mapumziko ni nafuu kuliko mguu uliokatwa.

Kinga nayo ipo. Utafiti uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye ila hii, wakitumia foliki asidi kabla ya mimba na mwanzoni mwake, hatari ya ila hiyo kurudi hupungua kwa asilimia 72. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubisho katika unga mwaka 2011, lakini unga wa mashine za mitaani, tuulao wengi wetu, mara nyingi hauna foliki asidi. Hapo pana kazi ya kufanywa.

Mlinzi amekosekana mguuni mwa ndugu yetu. Sisi tulio karibu naye hatuna budi kushika zamu.