Nguzo za taa zibebe na intaneti
Mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasomi maktabani tu. Anasoma kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya nje, chini ya miti, hadi usiku. Huko ndiko intaneti isiyo na waya inapaswa kumfuata, na nguzo za kuibeba vyuo vinazo tayari: za taa. Zina kimo, zina umeme, na ziko pale pale watu wanapopita na kukaa. Kumwaga zege upya kwa ajili ya antena, kwangu mimi, ni kutupa fedha. Ila mafundi wasikurupuke. Taa nyingi za nje huwashwa jioni na kuzimwa alfajiri kwa swichi moja inayohisi mwanga. Ukiunga kifaa kwenye waya huo huo, intaneti italala mchana kutwa, vimbweta vikiwa vimejaa. Lazima pawe na laini isiyozimwa, au betri inayochajiwa usiku taa zikiwaka. Nguzo ya sola nayo ipigiwe hesabu upya, maana paneli na betri yake vilikadiriwa kwa taa peke yake. Kebo ya kawaida ya mtandao hufika mita 100 tu, hivyo nguzo za mbali zipelekewe faiba, na kinga ya radi isisahaulike. Tena majani mabichi yana maji, nayo hufyonza mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Kifaa kifungwe chini ya matawi. Watu wa umeme na wa kompyuta wakae meza moja sasa, kabla mtaro wowote wa nyaya za taa haujafukiwa bila bomba la akiba la kupitishia faiba.