Unga wa Vichwa vya Betri: Dalili Isomwe Kabla ya Kufutwa

Betri ya risasi na asidi si chombo kipya. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, misingi yake haijabadilika sana: mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Chombo hicho kimo katika mabasi, malori na matrekta yetu, na pia katika nyumba na zahanati kadhaa zinazotumia umeme wa jua. Mahali pengi kilipo, mtu akitazama vichwa vyake ataona unga mweupe, au wenye rangi ya buluu na kijani, ambao watu wengi huuita kutu.

Maoni yangu ni kwamba unga huo hautendewi inavyostahili. Hufutwa kama vumbi, hupulizwa kwa mdomo, humwagiwa maji ya moto au soda ya chupa, kisha husahauliwa mpaka urudi. Lakini unga huo ni dalili ya jambo linalotendeka ndani ya betri, na sehemu yake ni sumu. Shule zetu za sekondari, ambazo hufundisha kila somo linalohitajika ili kuuelewa, zina wajibu wa kuufundisha waziwazi.

Tuanze na jina. Kutu, kwa maana yake halisi, ni ya chuma. Unga wa betri ni chumvi za metali. Betri inapochajiwa kupita kiasi, umeme huyatenga maji yaliyomo yakawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Mapovu ya gesi hizo yanapopasuka hurusha matone madogo mno ya asidi, nayo hupenya kwenye vitundu vya vifuniko na kutua juu ya vichwa na vibanio. Asidi nyingine hupanda polepole kupitia ufa kati ya kichwa na kasha. Ikikutana na risasi hufanyika salfeti ya risasi, ambayo ni nyeupe. Ikikutana na shaba ya waya au ya kibanio hufanyika salfeti ya shaba, yaani ile buluu ambayo mwanafunzi wa Kemia ameiona katika chupa ya maabara.

Hapa mwanafunzi makini atapinga. Kitabu chake kimemwambia kwamba shaba haimenyuki na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Basi buluu hii imetoka wapi? Hoja yake ni ya haki, na jibu lake ni somo zuri kuliko kanuni yenyewe. Ndani ya bomba la majaribio, shaba imezamishwa. Juu ya betri, shaba imelowa asidi huku ikiguswa na hewa, na oksijeni ya hewani hushiriki katika mmenyuko:

2Cu + O₂ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + 2H₂O

Kanuni ya kitabu haikukosea. Mazingira ndiyo yaliyobadilika. Mwalimu atakayelieleza hili atakuwa amefundisha namna ya kufikiri, wala si kukariri tu.

Fizikia nayo ina sehemu yake. Dereva huwasha taa, zikang'aa. Hupiga honi, ikalia. Lakini azungushapo ufunguo, stata hukataa kuzunguka. Mara nyingi huamua kwamba betri imekufa, akaenda kununua nyingine. Na tuseme unga uliojipenyeza kati ya kichwa na kibanio umeongeza ukinzani wa omu 0.01 tu. Taa zinazotumia mkondo wa ampea 10 zitapoteza volti 0.1, upungufu ambao jicho halitautambua. Stata inayodai ampea 200 itapoteza volti 2 mahali hapo hapo, na wati 400 zitageuka kuwa joto kwenye kiungo hicho. Katika volti 12 zitabaki 10, na bado hatujahesabu upungufu ulio ndani ya betri yenyewe. Hiyo ni Kanuni ya Ohm, ambayo wanafunzi hukokotolea maswali ya mitihani bila kujua kwamba ingeweza kumwokolea mzazi au jirani gharama ya betri nzima. Kipimo chake ni chepesi: ncha moja ya voltimita iguse kichwa cha betri, ya pili iguse kibanio chake, na mtu mwingine ajaribu kuwasha injini. Kiungo kilicho safi huonyesha karibu na sifuri. Kikionyesha nusu volti au zaidi, lawama ni ya kiungo.

Sasa tuje kwenye dawa. Fundi wa barabarani atatuambia kwamba amemwaga soda ya kola miaka mingi na magari yamewaka. Simkatalii, uchafu hutoka. Lakini kola yenyewe ina asidi ya fosfori, na asidi haizimwi kwa asidi. Tena huacha sukari inayonata. Maji ya moto peke yake huyeyusha salfeti ya shaba vizuri, lakini salfeti ya risasi karibu haiyeyuki. Dawa ya kuizima asidi inapatikana jikoni mwetu: magadi ya kupikia maharage, kama yale yavunwayo kwenye Ziwa Magadi nchini Kenya. Kabonati iliyomo humenyuka na asidi, hutoa povu la kabonidioksaidi, na povu linapokoma ndipo asidi ya juu imekwisha. Yatumike yakiwa yamekorogwa katika maji, vifuniko vikiwa vimefungwa, maana yakiingia ndani ya seli yataiharibu asidi inayofanya kazi.

Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba magadi huzima asidi, hayaondoi risasi. Salfeti ya risasi ikikutana na kabonati hugeuka kuwa kabonati ya risasi, ambayo nayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi huudhuru ubongo unaokua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Juu. Unga wa betri moja haulingani hata kidogo na moshi wa kiwanda. Lakini fundi anayeupuliza kila siku, kisha akala bila kunawa na kurudi kwa wanawe na nguo zile zile, anajiwekea akiba mbaya.

Kwa hiyo unga usipulizwe wala usikwanguliwe ukiwa mkavu. Ulowanishwe, ufutwe kwa kitambaa, mikono iwe na glavu na macho yakingwe. Kibanio cha hasi kifunguliwe kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi ya gari isizue cheche. Haidrojeni huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Kiungo kikishakuwa safi na kukazwa, kipakwe mafuta mazito ya kuzuia hewa na unyevu.

Baada ya hayo, swali kubwa bado linangoja: kwa nini unga ulitokea? Dalili ya mvua ni mawingu. Huenda altaneta inachaji kupita kiasi. Huenda seli zimejazwa mpaka zikafurika. Huenda kichwa kimelegea katika kasha. Huenda pia mtu ameongeza asidi pale ambapo kilichopungua ni maji, ambayo yangerudishwa kwa maji safi yaliyokenekwa. Anayefuta bila kuuliza atafuta tena mwezi ujao.

Sipendekezi wanafunzi wapewe brashi na kupelekwa kwenye betri chafu. Kazi hiyo ni ya mtu mzima aliyejikinga. Wanafunzi wanaweza kuzima siki kwa magadi, kuchunguza salfeti ya shaba ya maabara, na kupima volti inayopotea katika kiungo cha waya kilichochakaa, kwa kutumia balbu na betri ndogo. Kisha mwalimu awaonyeshe betri ya gari la shule, wakiwa wamesimama mbali kidogo, na awaulize: mnaona nini, na kimetoka wapi?

Mafundi wetu wengi wanajua kutenda bila kuelezwa sababu, na wahitimu wetu wengi wanajua sababu bila kuiona ikitenda. Somo hili ni dogo, halidai kifaa cha kuagizwa kutoka ng'ambo, na laweza kuanza muhula huu. Mwanafunzi atakayelielewa atarudi nyumbani na maarifa ya kulinda fedha za wazazi wake, na pengine afya ya wadogo zake.