Sumaku haitaifaidi Kilungu vipimo visipotangulia

WAKAZI wa milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, wanaujua mchanga kwa mambo mawili: kujengea nyumba na kuhifadhi maji. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakiubeba mchanga wa Ukambani hadi Nairobi ukiwa ghafi, na faida kubwa huishia mbali na mto ulikochotwa. Ndiyo maana wito wa kuongeza thamani ya madini kabla ya kuyauza una mvuto mkubwa.

Katika madini ya viwandani, adui mkuu ni chuma. Kioo kisicho na rangi huhitaji mchanga wa kwatzi ambao oksidi ya chuma haizidi takriban sehemu tatu kati ya 10,000. Ikizidi, chupa hugeuka kijani. Felspa yenye chuma nayo huacha madoadoa meusi kwenye vigae na vyombo vya kauri.

Dawa mojawapo ni sumaku. Mawe husagwa, hukaushwa, kisha hupitishwa juu ya rola yenye sumaku. Magnetaiti hunaswa hata na sumaku ya kawaida. Mika nyeusi na ganeti huvutika kwa shida, hivyo huhitaji sumaku kali za neodimi, zilizovumbuliwa katika miaka ya 1980.

Ujuzi huo si mgeni nchini. Kampuni ya Base Titanium iliutumia Kwale tangu 2013 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Huko chuma hakikuwa uchafu tu: ilmenaiti, madini ya chuma na titani, ilivutwa na sumaku na kuuzwa, huku rutili na zirkoni zikitenganishwa kwa umeme tuli.

Hata hivyo, sumaku ina mipaka. Chuma kilichojificha ndani ya punje ya kwatzi, au kilichoigandia kama kutu, hakitoki kwa urahisi. Hapo huhitajika kusaga zaidi au kuosha kwa asidi, na gharama hupanda. Kwa hivyo, kununua mtambo kabla ya kupima mawe katika maabara ni sawa na kununua kitanzi kabla ya kumpata ng'ombe.

Aidha, lipo suala la mahali pa kuchimba. Mto Kaiti na mito mingine ya eneo hilo hukauka kiangazi, na mchanga ndio tangi la wakazi. Katika mabwawa ya mchanga, ambayo ni mengi Ukambani, robo ya ujazo au zaidi huwa ni maji yasiyokaushwa na jua. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015 kwa sababu hiyo. Busara ni kuuacha mchanga mtoni na kutafuta kwatzi na felspa katika miamba.

Sheria ya Madini ya 2016 hugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Lakini asilimia 10 ya jiwe ghafi ni kidogo mno. Fungu hilo litaongezeka tu iwapo jiwe litauzwa likiwa safi, na mwenye kijiji atajua kilichomo ndani yake kabla ya mnunuzi kubisha hodi.